Mama Rosa Alivyopiga Hodi Uturuki

Na hilo la hirizi nalo mlikome. Tangu Jumanne nawaambia watu wa Kinole, kile kidude cha bluu chenye jicho mlangoni kwa mama mkubwa, Mama Rosa, ni zawadi ya jirani. Stefano bado anazunguka nyumba kwa nyumba anasema mwenyekiti wa jumuiya anatembea na uganga, tena ni muongo, hajapanda mashua yoyote huko Uturuki, alikuwa kajificha Dar. Jumamosi mnapiga kura ya mwenyekiti. Mama Rosa ana miaka tisa kwenye hicho kiti na anakipenda kuliko migomba yake. Basi nisikilizeni mimi niliyekuwepo.

Mama Rosa ndiye anampelekea mboga na tangawizi Bhavesh, yule wa duka la vifaa vya ujenzi mjini, ambako mimi napakia saruji. Kaka yake Bhavesh anakaa Uturuki, ana mashua ya tanga, akamwambia njoo uitumie mwezi mzima. Mke wa Bhavesh akagoma, maana yeye hata treni ya Kisaki inamtapisha. Bhavesh hali nyama, na chapati anazozikubali duniani ni za mke wake na za mama Rosa. Ndiyo mama akaenda kama mpishi. Mimi nikaenda kuvuta kamba kwa sababu najua kufunga mzigo kwenye lori. Nahodha ni Bhavesh mwenyewe, kasomea wiki mbili.

Siku ya kwanza upepo ukalaza mashua ubavu. Mimi na nahodha tukawa tunagombania ndoo moja ya kutapikia, tajiri na kibarua wake, heshima imekwisha. Mama mkubwa yuko jikoni anapika dengu, mguu mmoja chini, mwingine ukutani, hajamwaga hata kijiko. Nikamuuliza anawezaje.

"Mwanangu, hili ni shamba langu la juu," akasema. "Mteremko uleule, ila huu unahama."

Jioni tukaingia marina. Marina ni stendi ya mashua: zimepangwa ubavu kwa ubavu kama bajaji, makalio yote gatini, kila moja na umeme wake na bomba lake, na bafu la maji ya moto usitamani kutoka. Raha tupu. Ila mama hakutulia. Kwetu mlimani ukihamia mahali bila kupiga hodi kwa majirani, watu wanajua umekimbia kesi. Asubuhi akajifunga kanga, akajaza chupa ya chai ya tangawizi na mdalasini, akaanza mashua ya kwanza. Hodi. Kimya. Akavua ndala, akapanda. Mzungu akachomoka na taulo tu. Mama akamjulia hali kwa Kiswahili, akamwekea kikombe mkononi, akahamia mashua inayofuata.

Alipofika ya tano mlinzi akaja, akidhani anauza chai, na kule kuuza ni marufuku. Mimi hasira zangu mnazijua. Nikamvaa yule mlinzi, narusha mikono, simu ikanichomoka, chubwi. Picha zote mnazodai wanazo samaki wa Uturuki. Kosa ni langu, siyo la mama.

Bhavesh akamwambia mama kwa adabu kwamba kule watu hawatembeleani, na tukifukuzwa safari imekwisha. Mama akaitikia vizuri kabisa. Kesho yake akatoka na chupa mbili.

Siku ya nane tulikuwa tunarudi palepale. Bhavesh anaingiza mashua kinyumenyume, injini ikazima, upepo ukatubeba ubavu kuelekea boti moja la kifahari, linang'aa kama jino la bandia. Nahodha anahangaika na ufunguo. Mimi nimeshika kamba sijui nimrushie nani. Mama akasimama pale nyuma, akaita kama anavyowaita nyie kwenye sala ya jumuiya:

"Majirani, hodi!"

Wakatoka kila mashua. Sauti walishaijua. Yule wa taulo, safari hii ana suruali, akaidaka kamba. Bibi mmoja wa Kituruki akatusukuma kwa mguu, wengine wakaweka maboya katikati, na mlinzi yuleyule akavuta mpaka kofia ikamdondoka. Hatukugusa hata rangi. Jioni wote walikuwa kwetu wanakunywa chai, wanacheka, hakuna anayeelewa lugha ya mwenzake, na mlinzi akamaliza vikombe vitatu. Yule bibi akafungua kidude cha bluu kwenye mashua yake akampa mama. Kule wanatundika hata kwenye gari, kama nyie mnavyotundika kalenda.

Bhavesh akamuuliza, "Mama Rosa, kesho tunaanzia mashua ipi?" Tukapita marina sita, zote tukipiga hodi, nahodha ndiye kabeba vikombe.

Bhavesh kabaki kwa kaka yake, hatarudi kabla ya Jumamosi, kwa hiyo shahidi wa kuwaonyesha sina. Ila wewe Stefano, jiko lako lilipoungua, nani alikuwa wa kwanza mlangoni na sufuria ya maharage? Aliyefanya hivyo kwako akashindwe kufanya kwa Waturuki?

Jumamosi fikeni wote. Akitajwa Rosa, nyanyua mkono. Ukishindwa, rudisha sufuria yake.