Hatua Mia Moja Kutoka Majini

Niliondoka Butembo, mashariki mwa Kongo, kwa sababu dada yangu mkubwa, Masika, alimtuma muuza samaki aje kuniambia kwamba waasi wamepiga marufuku nyumba yake. Nyumba hiyo ilikuwa Kyavinyonge, kando ya ziwa Edouard, na amri iliandikwa kwa Kifaransa. Mimi ni mwalimu wa Kifaransa. Miaka ile ya vita mshahara ulikuwa hadithi, lakini Kifaransa hakuna askari aliyeweza kuninyang'anya, nami nikavaa shati langu la kufundishia.

Siku ya kwanza, alfajiri, nilishika njia ya Kyondo nyuma ya chukudu mbili, zile baiskeli za mbao za kusukuma, zilizobeba viazi. Kwenye kizuizi cha pili askari aliniuliza ninakwenda kufanya nini. Nikamwambia ninakwenda kusoma barua. Akanihurumia, akaniacha nipite.

Kyondo nililala kwa mchungaji, rafiki yangu wa zamani. Alinipa maharagwe na mablanketi mawili, kisha akauliza kama ni kweli waasi wanakataza watu kujenga kando ya ziwa ili maji yasiwadhuru. Nikasema ni kweli. Tulicheka mpaka mke wake akatoka jikoni. Watu walioshindwa kutulinda na askari wao wenyewe, sasa wanatulinda na ziwa!

Siku ya pili, saa nane mchana, niliteremka mlima ulio ndani ya Parc, hifadhi ya wanyama, na kuingia Kyavinyonge, shati limelowa jasho. Mvua za mwaka ule zilikuwa zimejaza ziwa, na viboko walijikalia pale ambapo zamani wanawake walianika samaki. Masika alijenga nyumba yake mwenyewe baada ya kufiwa na mume. Bati lilikuwa bado jipya. Mlangoni, kama kwa majirani wote wa mstari ule, waasi walikuwa wamepaka msalaba mwekundu, maana yake ibomolewe.

"Yaya, maji iko karibu sana," nilimwambia dada yangu.

"Maji iko karibu tangu nilizaliwa. Soma barua."

"Na kama inaendelea kupanda?"

"Nitaenda wapi na batoto bane? Kule juu ni ya Parc, bagarde banafukuza batu. Soma, mwalimu."

Nikasoma. Nyumba yoyote isiwe ndani ya hatua mia moja kutoka pale maji yanapofika siku za kawaida. Nilisoma mara mbili, na mara ya pili nilitabasamu peke yangu.

Siku ya tatu, asubuhi, komanda wa waasi alikuja na askari mrefu wa kupima. Askari alianzia ukingoni, akahesabu kwa sauti, na kwenye mlango wa Masika akafika sitini na nane. Hapo nikanyoosha mkono kama mwanafunzi wangu yeyote.

"Komanda, pardon. Barua hapana kusema maji ya leo. Inasema maji ya siku zote." Nikaonyesha kisiki kilichosimama ndani ya ziwa, ambacho wavuvi walikuwa wakifungia mitumbwi. "Siku zote maji iliishiaka pale."

Askari alitazama viatu vyake, akatazama viboko. Komanda akamwonyesha maji kwa kidole. Askari akavua viatu, akaingia mpaka kiunoni, akaanza upya kutoka kwenye kisiki. Mlangoni alifika mia moja na nne.

Kelele zilizopigwa! Mama Kavira, jirani mzee, alikwangua msalaba wake kwa kisu cha samaki huku akicheza. Komanda mwenyewe alicheka. "Professeur, umetushinda. Donc, bote babakie." Kisha akapanda mlimani, ndani ya eneo la Parc, ambako mafundi walikuwa wakimjengea nyumba ya mawe. Nilidhani ni ulafi tu.

Nilichinjiwa kuku. Kwaya ya kanisa ilikuja kuniimbia. Masika alinishika mikono yote miwili, akasema, "Papa yetu alisemaka masomo yako ni ya bure. Angekuona leo." Nilijisikia mkubwa kuliko jeshi lote lile.

Siku ya nne nilipanda kurudi, lakini mapigano yalifunga barabara ya Butembo, nikakwama kwa mchungaji siku nane. Kila jioni nilimsimulia upya habari za kisiki, na kila jioni askari wangu alizama zaidi kidogo.

Siku ya kumi na mbili wanawake wa samaki walifika Kyondo bila samaki. Nyuma yao alikuwa Masika na watoto wake wanne, wamelowa, hawana hata sufuria. Upepo na mvua vilileta ziwa juu siku mbili mfululizo, na mstari mzima wa nyumba za chini haukuwepo tena.

"Na mama Kavira?" niliuliza.

"Habajamuona."

"Na komanda?"

"Ule iko muzuri. Iko kule juu."

Katika vita vyote vile waasi walitupa sheria moja nzuri, na mtu mmoja tu aliitii: yule aliyeileta. Wale wengine niliwaokoa wasiitii. Hili ndilo nililojifunza, na hakuna darasa ambalo nimeweza kulifundisha.

Jirani mmoja wa mchungaji alileta chai, akamuuliza Masika mimi ni nani kwake. Dada yangu aliniwekea mkono begani. Hakuwa na kejeli hata chembe.

"Ni mudogo wangu," akasema. "Ni yeye alitushindiaka."