Mlango wa Bibi Uliokwenda Sekondari

Juzi fundi alikuja kunipachikia mlango hapa Nachingwea. Alipoanza kutoboa tundu la kitasa nikacheka peke yangu, akashtuka: "Dada, nimekosea?" Hakukosea. Ni kwamba mimi, rafiki yangu, nilisoma sekondari nzima juu ya mlango.

Sikia. Miaka ile sekondari za kata zilikuwa zinachomoza kila upande, na sisi kule Ruangwa tukafunguliwa ya kwetu, katikati ya mikorosho. Madarasa mawili, saruji bado inanuka, madirisha matupu. Tofali tulibeba wenyewe, wazazi na watoto. Mimi nilikuwa situlii. Nikitwanga kisamvu, roho iko shuleni. Nikichota maji, nimeshavaa sketi ya bluu kichwani mwangu, naongea Kiingereza na mbuzi.

Ila mkuu wa shule alishatangaza: kila mwanafunzi aje na kiti na meza yake. Asiye navyo, nafasi yake atapewa mwingine. Kiti tulikuwa nacho. Meza ndiyo shida. Seremala, jirani yetu, alielemewa na kazi, mbao zikamwishia, na shule inafunguliwa Jumatatu. Nikazunguka uani kama kuku anayetafuta pa kutagia.

Bibi ndiye aliyenilea. Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni, kifupi, Kimwera kikichungulia humo humo. Akamwita seremala, akagonga mlango wa nyumba yetu.

"Hii si mbao?"

"Bibi, huo mlango."

"Nimekuuliza kama mbao."

"Mbao, Bibi. Sasa utalalaje?"

"Kwa kufumba macho."

Jioni ile ile mlango ukang'olewa, pakaning'inizwa jamvi. Mbuzi wa jirani alipata habari kabla ya kijiji. Kesho yake yumo ndani anatafuna makopa yetu ya muhogo, Bibi anamfukuza kwa mwiko huku anacheka.

Meza yangu ilikuwa na tundu la kupitishia mnyororo wa kufuli, na bawaba moja iliyogoma kutoka. Kila asubuhi wenzangu waliigonga: "Hodi wenyewe!" Nisipoitikia "Karibuni," hawakai. Hata mwalimu wa hesabu, ambaye ndiye huyo huyo wa Kiingereza na jiografia, akija kusahihisha daftari langu anapiga hodi kwanza. Kwenye lile tundu niliona miguu yangu kule chini, inachezacheza, haijui inataka kwenda wapi. Mvua ikipiga bati la darasa, najua jamvi la Bibi linaloa, na somo lote linanipita.

Form four nikamaliza. Zaidi ya hapo sikufika. Meza ilibaki shuleni, ndiyo ilikuwa sheria. Ufuta wangu wa kwanza ulipouzwa nikamnunulia Bibi mlango wa mninga. Akaupapasa, akausifu, halafu akauacha wazi mchana kutwa.

"Nikifunga, wewe utapita wapi?"

Bibi hayupo tena, na ile nyumba ya udongo imelala chini. Siku moja nilipita pale shuleni kuangalia. Meza za miguu ya chuma, zote zinafanana. Zile za kwetu, mpishi aliniambia, ziliishia jikoni, zikaivisha maharage. Nikasimama kidogo dirishani. Hakuna anayepiga hodi.

Mlango anaonipachikia fundi ndio ule wa mninga, nilioung'oa kwa Bibi kabla nyumba haijaanguka. Alipomaliza akataka kuufunga, ajaribu kitasa.

Nikamwambia auache wazi kwanza.