Nyaya Mbili Hadi Maternite

Ufunguo wa kabati la swichi ulikaa shingoni mwa Soudi miaka tisa, umefungwa kwa uzi wa rafia. Alipooga aliuning'iniza kwenye mlango wa bafu, mahali macho yake yanapofika. Katika hospitali ile ya misheni, upande wa Mikelenge mjini Kindu, hakuna mwingine aliyeruhusiwa kufungua kabati hilo, na wauguzi walimwita Papa Waya. Alijifanya halipendi jina hilo.

Kazi yake ilikuwa rahisi kueleza na ngumu kutunza. Kila jengo lilikuwa na swichi yake, kisanduku chembamba chenye safu ya matundu, ambamo nyaya za kompyuta zote za jengo huingia ili kompyuta zisemezane. Swichi ya jengo la Utawala nayo ilipaswa kusemezana na swichi ya Maternite, jengo la wazazi ng'ambo ya ua. Waya wa shaba kati ya swichi hizo mbili aliuvuta Soudi mwenyewe. Aliupima kwa kamba yenye mafundo: mita tisini na sita. Alijua kwamba ndani ya shaba ujumbe huchoka ukipita mita mia, na zile nne zilizosalia alizionea fahari kama mshonaji aliyetoa suruali katika kitambaa pungufu.

Adui yake alikuwa radi. Mara mbili ilipiga mchikichi ulio kando ya ua, ikaingia kwenye shaba, ikaunguza swichi za pande zote mbili. Mara ya pili Dokta Hélène, mkurugenzi, hakumlaumu. Alisema tu kwamba ameita fundi kutoka Kisangani, fundi wa fibre, waya wa kioo.

"Njo nani huyo?" Soudi akauliza.

"Anaitwa Adolphine. Mutoto wa Louis. Mulifanya kazi na baba yake wakati wa vita, sivyo?"

Soudi alikubali kwamba walifanya. Jioni ile mke wake alimpakulia sombe, mboga ya majani ya muhogo, na wali wa Kibombo, naye akausogezasogeza kwenye sahani mpaka ukapoa.

Mwaka 2002 mji wa Kindu ulikuwa umezingirwa. Aliyekwenda shamba hakuwa na hakika ya kurudi, na majani ya muhogo yaligeuka kitu cha kutafutwa. Mzee Okito, aliyekuwa fundi wa simu posta kabla kazi hazijasimama, alifufua simu mbili za kuzungusha kwa mkono. Moja aliiweka hospitali, nyingine katika dispensari moja ya mtaa wa Kasuku. Akachukua vijana wawili awafundishe, Soudi na Louis. Kanuni yake ilikuwa moja, aliirudia kila asubuhi: "Nyumba musiiache kwenye waya mumoja." Watu wenye njaa walikata waya wapate kutegea ndezi, na hakuna aliyeweza kuwalaumu. Basi waya wa kwanza ulipita barabarani. Wa pili Soudi aliupitisha nyuma ya nyumba, kwenye majani yanayofika kifuani, peke yake, siku tatu, akilala chini kila risasi iliposikika. Louis alikuwa na sauti nzuri, hivyo Okito alimwacha akae na simu.

Siku waya wa barabarani ulipokatwa, mama mmoja wa Kasuku alikuwa amekwama katika uzazi. Mkunga alizungusha simu, sauti yake ikapita kwenye waya wa Soudi, Louis akapokea, akamwita daktari. Watu wakatumwa na machela. Mama alipona, na mtoto akapewa jina la Louis.

Miaka ishirini na zaidi Soudi alikutana na mtoto huyo mjini: kwanza mgongoni mwa mama yake, kisha akikimbiza tairi, kisha akiendesha pikipiki ya abiria. Kila mara alimsalimu kwa adabu, bila kumtaja kwa jina. Vita vilipokwisha Louis alihamia Kisangani, akasomesha binti yake mpaka chuo. Mardochée, mwana wa Soudi, aliacha shule darasa la nne la sekondari, akaenda Kampene kuchimba dhahabu. Louis alifariki mwaka juzi. Soudi alituma salamu za rambirambi, akashangaa kwamba wivu haukuzikwa pamoja naye.

Adolphine alifika siku ya Jumatatu na roli ya waya mweusi, mwembamba kuliko kidole kidogo, na sanduku la manjano alilolibeba mwenyewe. Alimwamkia Soudi kwa mikono miwili, akamwita Papa. Alikuwa na tabia ya kuuma mdomo wa chini anapofikiri. Soudi aliijua tabia hiyo, akageukia dirisha.

"Papa, shaba inapeleka umeme," alieleza mbele ya Dokta Hélène, "kwa hiyo radi nayo inaiona kuwa njia. Kioo kinapeleka mwangaza tu. Radi haiko na kazi nacho. Na mita mia kwake ni kama hatua moja."

Dokta Hélène aliitikia kwa kichwa, tena na tena. Soudi alijaribu kukumbuka kama amewahi kuitikiwa namna ile.

Jumanne walizika waya mweusi ndani ya bomba, chini ya ua. Penye pembe ya jengo la Maternite, Soudi aliukunja kwa nguvu, akaukaza kwa rafia mafundo matatu, kama alivyofunga waya tangu siku za Okito, wakati utepe wa plastiki haukuwepo. Adolphine alipima mwangaza, akauma mdomo, akafuata waya mpaka penye pembe. Akafungua mafundo yote matatu.

"Papa Soudi, hii haipendi kukunjwa wala kukazwa. Mwangaza unamwagikia pale pembeni."

Neema, muuguzi aliyekuwa amesimama mlangoni na beseni, alicheka. "Papa Waya anafunga kioo kama anafunga mbuzi wa sikukuu."

Wote wakacheka, hata Adolphine kidogo. Soudi aliokota rafia yake, akaikunja vizuri, akaitia mfukoni.

Jumatano alimwona Adolphine akiunganisha nyaya. Alivua ngozi za waya mpaka pakabaki uzi usioonekana vizuri kwa macho, akaufuta kwa pombe, akaukata, akauweka ndani ya mashine iliyotoka kwenye sanduku la manjano. Kwenye skrini ya mashine ncha mbili zilisogeleana, cheche ikapita, zikawa kitu kimoja. Namba ikatokea: 0.01. Ndiyo hasara ya mwangaza penye kiungo, alisema. Ikiwa ndogo ndiyo bora. Soudi alikuwa amesogea karibu bila kujua. Alitamani mashine ile kuliko alivyopata kutamani kitu tangu ujanani, na alimchukia binti yule kwa jinsi vidole vyake vilivyotulia.

Alhamisi asubuhi swichi mbili mpya zilichomekwa fibre, na mambo yakaenda. "Papa, ile shaba ya zamani umeichomoa?" Adolphine aliuliza. "Swichi hizi zinaweza kulinda njia mbili, lakini lazima muntu azifundishe kwanza. Hiyo ni kazi ya kesho."

"Nimeichomoa," Soudi akasema, na ilikuwa kweli.

Saa sita Adolphine alikwenda kula. Soudi alibaki na kabati wazi mbele yake. Kichwa cha waya wake wa shaba kilikuwa kinaning'inia. Nyumba musiiache kwenye waya mumoja, alijiambia. Alijiambia kwa sauti ya Okito ili asisikie ya kwake, ambayo ilikuwa inasema jambo jingine: siku kioo chao kitakapovunjika, watakuta hospitali inasimama juu ya shaba ya Soudi, na safari hii watu watajua. Alichomeka upande wa Utawala. Akavuka ua bila haraka, akachomeka upande wa Maternite.

Hata hakuwa amerudi ofisini. Taa za kijani za swichi, ambazo kawaida hupepesa kila moja kwa wakati wake, zilianza kupepesa zote pamoja, haraka, kama meno yanayogongana kwa homa. Ujumbe uliotoka Utawala kwa kioo ulirudi kwa shaba, ukatoka tena, ukazidi kuongezeka kila mzunguko mpaka njia zikajaa. Mapokezi pakasimama. Chumba cha dawa kikasimama. Espérance wa maabara alipita mbio uani na karatasi mkononi, kwa sababu matokeo ya damu ya mama mmoja hayakufika Maternite.

Adolphine alirudi na mkate mkononi. Dokta Hélène alikuwa tayari penye kabati.

"Asubuhi tulikuwa na mutandao," alisema Dokta Hélène taratibu. "Sasa haiko. Kama kioo hiki hakiwezi kazi, uniambie leo. Nitarudisha shaba ya Papa Soudi, nawe utapanda ndege ya kesho."

Nafasi ilikuwa hiyo. Soudi alisimama nyuma yao, na kwa muda alionja utamu wa maneno yale, shaba ya Papa Soudi. Alihitaji kunyamaza tu. Baadaye angeweza kuchomoa fibre mbele ya watu, mambo yakarudi, na ufunguo ukabaki shingoni mwake mpaka kustaafu.

Adolphine alipiga magoti. Alipima mwangaza, ulikuwa mzuri. Akapima tena. Nyaya za shaba nyuma ya kabati zilikuwa nyingi, zote za rangi moja, naye aliamini alichoambiwa. "Labda ni kiungo changu," alisema polepole. Akachukua mkasi, akavuta kile kiungo cha 0.01 nje ya kisanduku chake, akakiweka kati ya makali.

"Usikate," Soudi akasema.

Adolphine akageuka.

"Hakiko na kosa. Shaba iko mule. Njo miye niliirudisha." Alipenyeza mkono nyuma ya kabati, akachomoa waya wake. Taa zikasita, kisha moja moja zikarudia mwendo wake. Kutoka mapokezi mtu aliita kwamba imekuja.

"Uliniambia umeichomoa," Adolphine alisema.

"Niliichomoa. Nikarudisha."

"Kwa nini?"

"Mwalimu wetu alisema nyumba isiachwe kwenye waya mumoja." Akaiweka chini ncha ya waya wake. "Na nilikuonea wivu, mama. Wewe na baba yako."

Dokta Hélène alinyoosha kiganja. "Ufunguo, Papa Soudi." Aliuvua na kumpa pamoja na rafia yake. Dokta akauweka ndani ya mfuko wa koti, akaenda Maternite kumwona yule mama. Damu ilikuwa imefika, kwa miguu ya Espérance.

Adolphine alikuwa bado amekaa sakafuni. Hakutabasamu. "Baba aliniambia habari ya simu ile," alisema. "Kila alipoisimulia alimalizia hivi: mimi nilishika simu tu, waya ulikuwa wa Soudi. Mtoto yule wangemwita Soudi."

Soudi alitafuta furaha ndani yake, hakuikuta. Alichokuta ni kwamba hata katika ukarimu Louis amemtangulia, tena kwa miaka mingi, na sasa hayupo ili ashindwe.

"Mwalimu wenu alikuwa na haki," Adolphine akaendelea. "Njia moja ni hatari. Lakini ya pili isiwe shaba, radi itaifuata. Kwenye roli imebaki fibre. Kuna njia nyingine ya kufika Maternite?"

"Nyuma ya jikoni," Soudi akasema. "Watu hawapalimi, na maji hayatuami."

Ijumaa walizika waya wa pili nyuma ya jikoni, na Soudi hakuukaza mahali popote. Adolphine akazifundisha swichi: njia moja ifanye kazi, nyingine ilale macho wazi, iamke mwenzake akikatika. Kisha akasogeza sanduku la manjano mbele yake. "Kiungo cha upande huu kifanye wewe, Papa."

Soudi alivua, akafuta, akakata. Ncha zikasogeleana. Cheche. 0.04.

"Ni nzuri," Adolphine alisema. "Inakubalika kabisa."

Ufunguo sasa hukaa kwenye saraka ya Dokta Hélène, na Soudi huuomba kila asubuhi kama mtu mwingine yeyote. Katika daftari lake la kazi, ukurasa wa siku ile, ameandika njia zote mbili, vipimo vya bomba, na kosa lake kwa jina lake kamili. Chini yake zipo namba mbili zilizokaa juu na chini, 0.01 na 0.04. Adolphine alipokuwa anafunga mizigo, Soudi alimwomba vipande vya fibre vilivyobaki, na mashine kwa saa moja tu kabla ya ndege. Alipata 0.03. Akaiandika, akaomba saa ya pili.