Mgongo Wenye Cheti

Nakumbuka Jumapili moja ya mwezi wa saba, mjukuu wangu, baridi ya Kolwezi ikiwa bado imekaa juu ya nyasi za uwanja wa gofu, nami nimesimama pale ndani ya abakosti, lile koti la enzi zile lisilovaliwa na tai, iliyopigwa pasi, mkono mmoja umeshika fimbo, mwingine umeshika kiuno. Kiuno kile kilikuwa kizima kabisa. Kilikuwa kizima kama chako wewe, ambaye wiki iliyopita nilikuona ukishuka kwenye gari, simu sikioni, ukaupiga mpira wa kwanza bila hata kunyoosha mabega. Nilitaka kukuita palepale, lakini ulikuwa na rafiki zako, na mimi sipendi kumwaibisha mtu mbele ya watu. Basi kaa chini usome. Sitakuchelewesha, ingawa mama yako atakuambia kwamba kila nikisema hivyo ndipo ninapochelewesha.

Wakati huo nchi ilikuwa inaitwa Zaire, na sisi sote tuliitwa citoyen, yaani raia, mkubwa kwa mdogo. Nilikuwa karani katika kampuni ya migodi, upande wa Kingamyambo, kazi yangu kugonga mihuri kwenye karatasi ambazo hakuna aliyezisoma. Nilichokitaka duniani kilikuwa kimoja tu: kuwa mpima ardhi, géomètre kama tulivyosema. Niliwaona wapimaji wakipita na chombo chao cha miguu mitatu begani, kofia kichwani, wakipanda na kushuka kuta za mgodi, na wakubwa wote wakingoja waseme ukuta huu umesimama sawa au unataka kuanguka. Niliwaonea wivu mpaka chakula kikawa hakipiti. Nafasi ya kwenda kusomea kazi hiyo kule Likasi ilitolewa moja kwa mwaka, nami nikaandika barua ya maombi kwa mwandiko wangu mzuri kuliko wote.

Sasa hapa lazima nikuambie jambo la aibu. Kila asubuhi kabla ya kazi, bendera ikipandishwa, wafanyakazi wote tulitakiwa kuimba na kucheza kwa heshima ya chama kilichotawala. Hiyo iliitwa animasio. Makofi, magoti juu, kiuno kushoto, kiuno kulia, na mbele yetu citoyen Ngoie, mkubwa wa animasio, mtu mnene mwenye filimbi shingoni na jasho hata wakati wa baridi. Sitakudanganya kwamba nilikuwa shujaa wa siasa. Sikujua kucheza, basi. Nikienda kushoto wenzangu walikuwa wamekwisha kurudi kulia, na wasichana wa ofisi ya mishahara walicheka mpaka wakashikana.

Nikaenda kwa binamu yangu, muuguzi wa zahanati, akaniandikia cheti: mgongo mbovu, asiruke, asiiname, asikate kiuno. Kuanzia siku hiyo nilikaa kwenye kiti karibu na mlingoti wa bendera, wenzangu wakitoka jasho. Niliigiza vizuri, mwanangu. Nilipokaa niliguna, nilipoinuka niliguna zaidi. Na unajua nani aliyekuwa akiniletea kile kiti? Citoyen Ngoie mwenyewe. Alikipangusa vumbi kwa leso yake kisha akaniuliza usiku nimelalaje. Miaka miwili.

Barua yangu ya maombi ikafika kwa mhandisi Kapend, mkubwa wa wapimaji, mtu mrefu asiyependa maneno mengi. Akaniita ofisini, faili langu liko wazi mezani.

"Citoyen Kabeya," akasema, "humu nimeona karatasi ya mugongo. Géomètre anabebaka kyuma ku bega siku muzima. Mi natumaje mutu ya mugongo mubovu?"

"Imepona, Tata Ingénieur," nikasema, yaani Baba Mhandisi.

"Karatasi haisemi imepona. Dimanche ukuye ku golf, tucheze pamoja. Mi nitaona ule mugongo na macho yangu."

Nilitoka nikiingoja Jumapili kwa furaha, kwa sababu gofu nilikuwa naijua. Jirani yangu katika kambi ya wafanyakazi, Tata Kasongo, mzee wa Kasaji aliyekuwa akitunza nyasi za uwanja ule tangu enzi za Wabelgiji, alikuwa amenifundisha kwa mwaka mzima nyuma ya ua. Furaha hiyo ilidumu hadi kwenye geti la kampuni. Hapo nikakumbuka kwamba kila Jumapili citoyen Ngoie hukaa kwenye baraza ya klabu na bia yake, uso umeelekea pale wanapopigia mpira wa kwanza.

Uone shida yangu. Asubuhi moja, mahali pamoja, mhandisi alitakiwa aone mgongo mzima ili nipate shule, na Ngoie alitakiwa aone mgongo mgonjwa ili nisipelekwe mbele ya wakubwa wa chama kwa udanganyifu. Nilifikiri siku tatu. Nikapata mpango ambao niliuona wa akili sana. Ngoie nitamwambia kwamba muuguzi ameniamuru kutembea kwenye majani, na kwamba ile fimbo ni ya kuegemea. Mpira wa kwanza nitaupiga mara moja, kwa nguvu, mhandisi afurahi, kabla Ngoie hajajua anachokiona. Kisha tutashuka bondeni, nyuma ya miti, huko nitakuwa mzima hadi jioni.

Siku ikafika. Ngoie aliponiona alisimama kabisa barazani, akanipungia mkono kwa huruma. Mimi nikaguna kutoka mbali. Tata Kasongo alikuwa ananingoja kwenye nyasi, na kama kawaida yake akanipa fimbo niiweke mabegani, nyuma ya shingo, mikono miwili juu yake. Hivyo ndivyo alivyokuwa akimwanzisha kila mtu: kujizungusha taratibu, kuinama hadi vidole vya miguu, kuinua magoti, kisha kuzungusha kiuno. Baadaye fimbo hewani, pole, pole, ndipo mpira. Kama ulikuwa macho niliposimulia ya filimbi, umekwisha kuona kilichokuwa kinanitisha. Mazoezi ya Tata Kasongo yalikuwa animasio tupu, imekosekana ngoma tu.

"Hapana leo, Tata," nikamnong'oneza.

"Juu ya nini? Mugongo yako iko inalala bado, mwana. Iko na baridi. Lamusha ye kwanza."

Nikamwonyesha baraza kwa kidevu. "Yule mukubwa ya animasio ananiangalia."

Tata Kasongo akageuka, akamtazama Ngoie, akanirudia mimi. "Sasa? Ye njo atapiga mupira?"

Nikaiegemea fimbo kama mkongojo. Pembeni yetu mhandisi Kapend, mtu mzima wa heshima zake, alikuwa anainua magoti na kukata kiuno bila aibu yoyote, na Ngoie akamrushia maneno kutoka barazani: "Ingénieur! Kesho ukuye ku animasio, uko unaweza!" Watu wote wakacheka. Mimi nikajikaza kama mtu anayepigwa picha ya kitambulisho, nikashika kiuno, nikaenda moja kwa moja kwenye mpira.

Nikaupiga kwa nguvu zangu zote. Chini ya mgongo kitu kikasema ka! Wananiambia mpira ule ulikwenda mbali kuliko mpira wa mtu yeyote siku ile, umenyooka, juu ya miti. Mimi sikuuona. Nilikuwa natazama viatu vyangu, na niliendelea kuvitazama, kwa sababu nilikuwa nimeinama na sikuweza kuinuka. Si kuinuka tu. Sikuweza kwenda mbele, wala kurudi nyuma, wala kukaa. Mhandisi, akidhani natafuta kitu, akaniuliza nimeangusha nini.

Aliyefika wa kwanza alikuwa Ngoie. Alikimbia kutoka barazani na tumbo lake lote, akimkemea mhandisi bila kujali cheo: "Nilibaambia! Huyu mutoto ni mugonjwa, iko na karatasi ya docteur! Munamupigisha mupira juu ya nini?" Wakanipakia kwenye toroli la Tata Kasongo, lile la kubebea majani yaliyokatwa, uso chini, matako juu, na Ngoie akakataa mtu mwingine asilisukume. Alinisukuma kutoka klabu hadi kambini, watu wanatoka kanisani, watoto wanafuata wakiimba. Kila jiwe la barabara nililijua kwa jina. Lakini maumivu makubwa hayakuwa ya mgongo, mwanangu. Yalikuwa ya kumsikia yule mtu akihema nyuma yangu na kusema, "Pole, mwana, pole, tunafika." Nililia, naye akadhani nalilia mgongo.

Jumanne mhandisi alikuja kunitazama nyumbani. Akasema anasikitika, barua yangu atairudisha, mgongo ameuona mwenyewe. Sijui nini kilinisukuma. Nikamwambia yote, cheti, kiti, binamu, baraza.

Akauliza: "Kwa hiyo mbele ya Dimanche mugongo ilikuwa muzima?"

"Ilikuwa muzima, Tata."

"Na sasa?"

"Sasa ni mubovu."

Alicheka mpaka akashika mlango. Kisha akaacha kucheka ghafla. "Sikia, Kabeya. Géomètre anaandikaka kile ameona. Ukiandika ukuta ni muzima na hauko muzima, unaangukia batu chini. Bale batu batakuamini, njo bataingia." Akasema mwaka huu nafasi itakwenda kwa mwingine. Mwaka ujao nijaribu tena, kama nitakuwa nimecheza animasio kila asubuhi, na kama nitamwambia Ngoie ukweli kwa mdomo wangu.

La kwanza nililifanya. Tata Kasongo ndiye aliyenirudishia mgongo, kwa matofali ya moto na kwa yaleyale mazoezi niliyoyakataa, kiuno kushoto, kiuno kulia, kila asubuhi hadi nikasimama. Nikarudi kwenye bendera, nikakikataa kiti. Na kwa kuwa kila siku nilikuwa nimekwisha kujinyoosha nyumbani kabla ya kufika, kiuno changu kikawa kinakwenda chenyewe. Baada ya miezi sita nilikuwa mstari wa kwanza. Wasichana wa ofisi ya mishahara waliacha kucheka, na mmoja wao ndiye nyanya yako.

La pili sikulifanya. Nilimwambia Ngoie kwamba nimepona, naye akamshukuru Mungu kwa sauti kubwa, nikaona inatosha.

Haikutosha. Mwaka ulipogeuka mhandisi aliweka jina langu kwenye karatasi ya Likasi, na Ngoie, ambaye kila karatasi ilitaka sahihi yake kwa niaba ya chama, akakataa kuitia. Kabeya haendi popote, akasema, Kabeya ni mchezaji bora wa sehemu yetu, sherehe zinakuja, nani atasimama mbele? Binamu yangu muuguzi akanifuata jioni hiyohiyo, kalamu mfukoni. "Nakuandikia mugongo tena," akasema. "Ye mwenyewe atakutoa mu mustari." Na nisikufiche, nilimuuliza kama ana karatasi.

Lakini asubuhi nilipomwona Ngoie akipangusa kile kiti cha zamani, akimwekea mama mjamzito, miguu ikanipeleka kwake. Nikamwambia. Akaacha kupangusa, filimbi mkononi.

"Ile siku ya toroli, nilikuwa nakusukuma bule?"

"Hapana, Tata. Ile siku ilikuwa kweli."

"Na kiti? Miaka mbili?"

"Nilikuwa muzima."

Nilingoja aite wakubwa wa chama. Badala yake alipuliza ile filimbi sikioni mwangu, mpaka leo sikio hili husikia nusu. Kisha akavuta karatasi, akaandika jina lake kwa nguvu hata kalamu ikatoboa. "Enda Likasi," akasema. "Mu mustari yangu ya kwanza sitaki mutu ya bongo, mutu anadanganyaka." Macho yake yalikuwa mekundu. Siku ya treni alikuja stesheni, akasimama mbali, hakunipungia mkono, lakini alikuja.

Nimepima kuta za migodi miaka thelathini, mwanangu, na hakuna hata mmoja nilioandika ni mzima huku nikijua ni mbovu. Kila nilipotaka kuzipindisha namba kidogo, niliisikia ile filimbi.

Basi nakuomba hivi. Ukishuka kwenye gari Jumapili hii, weka simu chini, weka fimbo mabegani, uuamshe mgongo wako polepole, mara kumi huku na mara kumi huku, kiuno vilevile, hata kama baraza yote inatazama. Wanaokutazama hawatakubebea mgongo. Na kama kuna mtu uliyemdanganya naye bado anakuletea kiti, usingoje mwaka ugeuke kama mimi. Mwendee kesho asubuhi, upulizwe filimbi, iishe.

Mungu wa babu zako akupe mgongo wa kuinama na kuinuka mpaka uzee. Akupe watu wa kukusukuma siku ukikwama, na akujalie uweze kuwatazama usoni. Mimi sasa naacha kalamu, nikajinyooshe. Nimekaa sana.