Muvi Alizochaguliwa Mama

Ndugu yangu hajawahi kutazama muvi hata moja mpaka mwisho, na ndiye aliyejipa kazi ya kuchagua zinazofaa kutazamwa nyumbani kwetu. Nasema haya mapema ili msomaji asije akamwonea huruma. Mimi sina.

Mama yetu aliteleza akitoka mtoni na mtungi wa maji, akavunjika nyonga. Alirudi kutoka hospitali na kile kiunzi cha chuma cha kutembelea, akawekwa kitini, akaambiwa apumzike. Mwanamke aliyekuwa akipalilia ndengu zake mwenyewe aambiwe apumzike. Nilifunga kibanda changu cha kushona nikarudi Kathonzweni kukaa naye. Ndugu yangu anaishi Kitui mjini, ana gari, ni shemasi kanisani, na huja Jumamosi akikumbuka.

Televisheni ilikuwepo, ile ndogo ya sola. Kinyozi wa sokoni huwatilia watu muvi kwenye flashi, na kazi ya kuchagua ilikuwa yangu. Watu wananiuliza mpaka leo ninachaguaje, nami huwajibu hivi: muvi ya nyumbani lazima iwe na mtu mbaya unayemtambua akiingia tu mlangoni, iwe na chakula kinachoonekana, na iwe na mzee asiyenyamazishwa. Watu wakianza kuongea ofisini, wamekaa tu na makaratasi yao, toa, weka nyingine. Mapenzi yawe machache, maana kuna mgeni anaweza kupiga hodi. Katuni usiogope hata kama nyumba haina mtoto. Mama alizipenda kuliko zote. Kulikuwa na moja ya punda aliyegoma kubeba mzigo, na mama aliapa kwamba huyo punda alizaliwa pale pale kwetu, kwamba aliyemchora amewahi kupigwa teke.

Zote zilikuwa za DJ. Asiyejua, DJ ni yule jamaa anayeingiza sauti yake juu ya muvi ya kizungu au ya Kichina, akaieleza kwa Kiswahili, akawapa waigizaji majina ya majirani zetu. Mpiganaji akikunja uso, DJ anasema amenyimwa chapati. Mama alicheka mpaka akashika nyonga. Nilimwambia apunguze, daktari asije akanilaumu mimi.

Ndugu yangu alituingilia siku moja katikati ya kicheko hicho, na bahati mbaya DJ alikuwa akizungumzia makalio ya adui. Aliichomoa flashi, akaitia mfukoni. Jumamosi iliyofuata alikuja na yake.

"Mum, hizi ndio quality," alisema. "Zile za DJ ni matusi tupu, hazifai kwa nyumba ya mtu ameokoka. Na katuni ni ya watoto."

Zake zilikuwa za Kiingereza, zimejaa mafunzo, zenye maandishi yanayokimbia chini ya kioo. Mama husoma Biblia ya Kikamba kwa kidole, neno kwa neno. Kiingereza chake ni good morning. Nilimpigia simu ndugu yangu nikamweleza hayo yote. Akanijibu kwamba atazoea, na kwamba angalau ni safi. Safi! Hata ukuta mtupu ni safi.

Mngedhani nilikimbilia kwa kinyozi. Nilikimbia kweli, nikarudi na nyingine za DJ, na mama akanikataza kuziweka. Ndugu yako ameona hivyo, alisema, basi iwe hivyo. Hapo ndipo nilipomchukia ndugu yangu sawasawa, kwa sababu alikuwa amemwambia mama kwamba Mungu hapendezwi na kicheko kile, na mama alimwamini. Akawa anakaa mbele ya wazungu wanaopeana ushauri, mikono mapajani, kama mtu anayesubiri kuitwa kwenye foleni. Kisha akaacha hata kukaa. Akawa analala kuku wanapolala, sahani ya muthokoi ikibaki nusu. Nilikuwa nikimpoteza mama yangu akiwa mzima.

Kwa kuwa hawezi kufika kanisani, kina mama wa fellowship humjia Jumapili alasiri. Siku moja ndugu yangu naye akaja, na baada ya maombi na chai akawaambia amewaletea muvi ya kuwajenga. Akaiweka, akasimama kando na rimoti mkononi kama mwalimu wa zamu. Kwenye kioo, mwanamume mwenye suti alikuwa akimwambia mwanamke mzee aliyeketi mambo ambayo hakuna aliyeyaelewa. Mmoja wa kina mama alianza kusinzia kwa heshima.

Ndipo nikamsikia mama. Alikuwa akisema kwa Kikamba, taratibu, kwa mtindo ule ule wa DJ.

"Huyu wa suti ni mtoto wa huyu mama. Amekuja na gari. Hajauliza mguu unaendeleaje."

Kicheko kilianzia nyuma.

"Sasa anamwambia mamake asicheke. Anasema ametumwa na Mungu."

"Mum, si hivyo," ndugu yangu alisema. "Huyo ni bosi wake."

Mama hakumtazama. Aliendelea, na kina mama wakasogeza viti, hata yule wa kusinzia. Ndugu yangu akabonyeza rimoti, kioo kikawa cheusi.

"Hapo amezima," mama alisema. "Anadhani imeisha."

Walicheka mpaka chai ikamwagika. Mama aliendelea kukisimulia kioo cheusi, na wote walikuwa wakikitazama. Mmoja akauliza huyo mama wa kwenye muvi alifanya nini.

"Alimwambia mwanawe: ulianza kucheka ukiwa mgongoni mwangu. Leo ni wewe wa kunipimia kicheko? Nirudishie muvi zangu."

Hapo hakucheka mtu. Ndugu yangu alitoka nje akaenda kwenye gari, akarudi na flashi, akaiweka mezani karibu na kikombe cha mama. Kisha akaaga. Huku kwetu mgeni husindikizwa, na kwa kuwa mama hawezi, nikamsindikiza mimi mpaka getini, bila kupenda.

Aliniuliza kwa nini sikumwambia kwamba mama haelewi Kiingereza. Nilimkumbusha ile simu.

"Nilidhani ni wewe unazitaka zile za DJ," alisema.

"Ungemuuliza yeye. Yuko."

"Nikimuuliza, mum husema tu ni sawa."

Ni kweli, husema. Aliposema anaoa bila kutupeleka kujitambulisha kwa wakwe, mama alisema ni sawa. Alipokosa kufika hospitali siku ya upasuaji, mama, akiwa kitandani, alisema ni sawa. Nilimwambia ndugu yangu kwamba mimi ndiye hubaki ndani baada ya yeye kuondoka, na nikamwambia kile mama hufanya baada ya kusema ni sawa: huacha chakula nusu, akalala kuku wanapolala. Alishika mlango wa gari akasimama hapo. Nilifunga geti nikamwacha barabarani, maana ndani walikuwa wananiita niwawashie televisheni.