Barua ya Benki Niliyoisoma Rodi Kopany

Nilifanya kazi benki mjini Migori kwa miaka kumi na tisa, dawati la mikopo, hadi tawi letu lilipopunguza watu nikarudi nyumbani Kendu Bay. Huko nikaanza kazi ya ukalimani. Watu wa miradi ya maji na mbegu walikuwa wakija kuzungumza na wanakijiji, na kila mara walihitaji mtu wa kugeuza Kiswahili na Kiingereza kuwa Dholuo, kisha arudishe majibu. Kwa hiyo kampuni iliyotaka kujenga kinu cha nyuklia kwenye ufuo wa ziwa ilipotafuta mkalimani wa vikao vya kukusanya maoni ya wananchi, nilitajwa mimi.

Aliyenilipa ni kampuni. Nalisema hili mapema kwa sababu baadaye watu walisema nilikuwa nimetumwa na wapinzani. Sikutumwa na mtu.

Meneja wa fedha wa kampuni alikuwa kijana mpole kutoka Nairobi, mwenye sauti ya chini. Kabla ya kikao cha kwanza aliniketisha garini akanieleza yale ambayo sheria inamtaka mwombaji wa leseni athibitishe. Kwanza, aonyeshe kwamba ana pesa za kujenga kinu hadi mwisho, asije akakiacha nusu. Pili, awe na pesa za kukiendesha miaka ya mwanzo, hata kama umeme haujaleta faida. Tatu, pawe na fungu lililowekwa kando, mahali ambapo kampuni yenyewe haiwezi kuligusa, la kukifunga kinu kikizeeka na kulinda mabaki yake yenye sumu. Juu ya hayo, bima ya ajali.

"Hiyo ya tatu, Madam, ipitie haraka haraka," aliniambia. "Ukianza kuwaambia watu habari za kufunga kitu ambacho hakijafunguliwa, utawatia wasiwasi bure."

Kikao cha Kendu Bay kilipita salama. Watu waliuliza habari za samaki na ajira, wakanywa soda, wakaenda zao. Cha pili kilikuwa Rodi Kopany, kwenye uwanja ulio nyuma ya soko, saa nne asubuhi. Mahema matatu, viti vya plastiki, spika mbili. Maafisa watatu wa leseni kutoka Nairobi waliketi kwenye meza yao pembeni, kusikiliza na kuandika. Walikuwepo askari wawili. Nyuma kabisa waliketi wanaume kama ishirini, wote wamevaa kofia nyeusi za aina moja, walioshushwa na lori. Nilimuuliza mama muuza ndizi kama anawajua. Akasema hapana, hao si wa hapa.

Baada ya hotuba, mwanamke mmoja wa makamo aliomba kuuliza swali. Alikuja mbele, akakataa kipaza sauti, akasema kwa Dholuo kwa sauti iliyofika hadi barabarani. Alizaliwa hapo Rodi, alisema, lakini aliolewa Masara, kule kwenye machimbo ya dhahabu. Mimi nikawa nageuza maneno yake kwa Kiswahili, sentensi baada ya sentensi.

"Kampuni ilikuja Masara na leseni yake," alisema. "Ikaweka ua, ikachimba mashimo marefu kuliko yale yetu ya mkono. Halafu pesa zikawaishia. Asubuhi moja tuliamka wakubwa hawapo. Walinzi hawajalipwa, basi walinzi wakayafanya mashimo kuwa yao. Ukitaka kuingia, unawalipa. Wachimbaji wakaja na mapanga."

Katika vita hivyo mume wake alikatwa panga begani, hadi mfupa ukaonekana. Kidonda hakijapona vizuri, akashuka tena shimoni, kwa sababu sasa shimo lilikuwa la yeyote mwenye nguvu ya kulishika. Magogo ya kuzuia udongo yalikuwa yameoza, na hakuna aliyekuwa na jukumu la kuyabadilisha. Udongo ukashuka. Waliokuwa juu walichimba siku tano.

"Walipomfikia, alikuwa amebanwa kuanzia kifuani kwenda chini," alisema. "Wakafunga kamba kwenye mkono, ule mkono uliokatwa. Wakavuta. Mkono ukaja juu, mwenyewe akabaki chini."

Nilinyamaza hapo. Mwanamke akanigeukia na kuniambia kwa upole, "Sema, nyaminwa. Waambie." Kwa Dholuo, nyaminwa maana yake dada yetu. Nikasema.

Ndipo akamtazama meneja wa fedha. "Shimo la dhahabu mpaka leo liko wazi, limekosa mtu wa kulifunga. Hili lenu, pesa zikiwaishia, nani atalifunga? Hizo pesa za kufunga nionyeshe leo."

Meneja alitabasamu. "Waambie pesa ziko. Tuna barua ya benki." Akaitoa kwenye faili akaiinua juu ili watu waione nembo.

Mzee mmoja aliyekuwa mstari wa mbele akasema, "Isomwe basi." Watu wakadakia: isomwe, isomwe. Meneja hakuwa na njia. Alinikabidhi barua, na alipokuwa akinipa alininong'oneza, "Aya ya kwanza tu."

Niliitambua kabla sijaisoma. Barua za namna hiyo nilizichapa kwa mikono yangu miaka mingi, tukiwapa wateja waliotaka kuonekana wana benki nyuma yao. Aya ya kwanza huwa tamu: inamsifu mteja na kusema benki inafurahia mradi wake. Aya ya pili ndiyo yenyewe. Ya hii ilisema kwamba benki itakuwa tayari kulifikiria ombi la mkopo pindi litakapoletwa, masharti yakitimizwa, na kwamba barua hii haiifungi benki kutoa malipo yoyote. Juu ya fungu la kufunga kinu hapakuwa na hata neno moja.

Ningeweza kuishia aya ya kwanza. Ningelipwa na kurudi nyumbani na mfupa wa taya mzima. Nilisoma aya ya kwanza, nikavuta pumzi, nikaendelea na ya pili.

"Madam, hapo panatosha," meneja alisema.

Nilimaliza. Kisha nikawageuzia kwa Dholuo, kwa maneno ya sokoni ili asibaki mtu: "Benki inasema itafikiria. Haijasema itatoa."

Minong'ono ikaanza, kisha makelele. Mmoja wa maafisa wa leseni, mwanamke mwenye miwani, alisimama akamuuliza meneja moja kwa moja, "Dhamana ya kufunga kinu iko wapi?"

"Iko njiani," meneja akasema.

Sikumwona aliyetoa ishara, wala siwezi kuapa kwamba ilikuwepo. Niliona kiti kimoja kikiruka kutoka nyuma na kumpasua yule mzee wa mstari wa mbele kisogoni. Halafu wale wenye kofia nyeusi wakainuka wote pamoja, na kila mmoja alikuwa na rungu alilolificha chini ya shati. Wawili walikuwa na visu. Kwanza walikata kamba za hema la katikati.

Hema likashuka juu ya watu. Mpaka leo hilo ndilo linalonirudia. Turubai jeupe lilikuwa limelala uwanjani, na chini yake watu wakitambaa, wakiinua vichwa, wakilia. Na wale wanaume wakatembea juu yake wakipiga kila mahali turubai lilipotikisika. Hawakuwa na haraka. Panatikisika, wanapiga. Panatulia, wanasonga mbele. Damu ilianza kujitokeza kwenye turubai, madoa madogo, kisha makubwa. Mwanamke wa Masara, aliyekuwa amerudi kitini kwake, alikuwa humo ndani.

Askari mmoja alipuliza filimbi, akapigwa rungu mkononi, filimbi ikamtoka. Mwenzake aliwakusanya maafisa wa leseni na kuwakimbiza kwenye gari. Meneja alikuwa ameshaondoka.

Mwanaume mmoja, mrefu, mwenye jino lililovunjika, alinijia moja kwa moja. "Leta hiyo karatasi!"

Niliisukuma ndani ya blauzi. Hakuniomba mara ya pili. Rungu lilinipata tayani upande wa kushoto na nilisikia mfupa ukivunjika kabla ya kusikia maumivu. Nilianguka kwenye stendi ya kipaza sauti. Ni chuma kizito, kina mguu wa duara chini. Nilikishika kwa mikono miwili na kumpiga nacho gotini, nikamwongeza tena pale pale. Goti likageuka upande ambao goti haliendi. Alipiga yowe kama mnyama.

Wakati huo soko lilikuwa limesikia. Wauza nyama walikuja na mapanga, wauza samaki na visu, wengine na mawe tu. Wale wenye kofia walipoona wanazidiwa walikimbilia lori, lakini lori lilikuwa limeshaondoka. Wakatawanyika mashambani, na wengi waliponyoka. Aliyebaki ni mmoja tu, yule niliyemvunja goti.

Walimburuta hadi barabarani, mbele ya duka la vifaa vya ujenzi. Niliwafuata, taya likining'inia, mdomo umejaa damu. Mawe yalianza. Moja lilimpata jichoni, akajikunja akijifunika kichwa. Watu waliniona, wakanipisha njia, kana kwamba ni haki yangu. Nikafika. Nikampiga teke la mbavu.

"Mama," alisema, "mimi nilitumwa tu."

Nilimpiga la pili. Nikampiga la tatu, kwa nguvu zangu zote, na nilisikia kitu kikivunjika ndani yake, na nilifurahi. Naandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Nilikuwa na miaka hamsini na mbili, mlezi wa kwaya kanisani, na nilifurahi.

Mtu akaleta tairi. Hapo mwenye duka akatoka, mfanyabiashara Mwislamu aliyehamia kwetu kutoka Pwani siku nyingi, mtu mnene asiyependa maneno mengi. Mkononi alishika nondo.

"Huyu hachomwi hapa," alisema.

"Mzee, rudi ndani. Hii si yako," mmoja wa wauza nyama alimjibu.

"Mtu anachomwa mlangoni kwangu, useme si yangu?" Akamshika yule mwanaume kwenye kola, akamvuta ndani huku nondo ikiwa mbele yake, na kushusha mlango wa chuma. Walimvunjia vioo vyote vya juu. Waliupiga ule mlango kwa mawe hadi ukabonyea. Hakufungua mpaka polisi wengi walipofika mchana.

Mimi nilipelekwa hospitalini Homa Bay, nikafungwa taya kwa waya. Mwanamke wa Masara alilazwa kitanda cha tatu kutoka changu, kichwa kimezungushiwa bandeji, hana fahamu. Alikuwa akikoroma kwa namna ambayo wauguzi hawakutaka kuizungumzia. Siku ya nne mkoromo ulikoma. Dada yake alimfunika uso, akaja akaketi kitandani kwangu.

Jioni ya siku hiyo yule afisa wa leseni mwenye miwani alikuja na mwenzake. Niliwapa barua. Ilikuwa imekauka damu yangu na kukunjamana, lakini aya zote mbili zilisomeka. Alitaka maelezo. Sikuweza kusema, hivyo niliandika kwenye daftari lake: *Hii ni barua ya nia njema. Si dhamana. Benki haijaahidi chochote.* Alisoma, akaniuliza, "Una hakika?" Nikaandika: *Miaka kumi na tisa.*

Kampuni ilipewa muda wa kuleta dhamana ya kweli, pamoja na uthibitisho wa fungu la kufunga kinu. Muda ulipita. Ombi lao likarudishwa. Meneja sijamwona tena. Kwa kifo cha yule mwanamke hakuna aliyeshtakiwa hadi leo. Kila shahidi aliulizwa alimwona nani akimpiga, na waliokuwa naye chini ya hema waliona turubai tu.

Waya zilipotolewa, nilikwenda kumtafuta yule mwanaume. Alikuwa amehukumiwa kifungo cha nje kwa kunipiga, naye akarudi kwa mama yake, nje kidogo ya mji wa Migori. Nilimkuta ameketi kibarazani, mguu umenyooka mbele yake, jicho moja limefumba. Mama yake alinipa uji bila kuniuliza mimi ni nani.

"Ni mimi niliyekuvunja goti," nilimwambia. Maneno yalikuwa bado yanatoka kwa shida. "Na mbavu."

"Najua," alisema. "Nilikuona."

Mvua ilianza. Tukasogeza viti ndani kidogo.

"Yule mama aliyeuliza swali," alisema, "ni kweli alikufa?"

"Alikufa."

"Mimi sikumpiga yeye."

"Kabla hujanijia mimi, ulikuwa wapi?"

Alitazama mikono yake. "Juu ya hema."

"Basi hujui."

"Kweli," alisema. "Sijui."

Mama yake alikuwa amesimama mlangoni, bakuli tupu mkononi, akitusikiliza. Nilimaliza uji polepole kwa upande wa kulia wa mdomo, mvua ikapungua, nikaaga na kwenda kutafuta gari la kunirudisha nyumbani.