Siku Nilipoangukia Keki ya Harambee

Hii aibu yangu mji wetu wa Cheptiret mzima uliiona, kwa hivyo sina cha kuficha. Ilikuwa miaka ile ya themanini, kila wikendi harambee ya kuchangisha pesa mahali, na mimi nilikuwa naimba kwaya ya kanisa letu la Huruma. Aliyetufundisha kwaya ni Mama Akinyi, muuguzi kutoka upande wa Kisumu, mpole, lakini akiinua mkono hata watoto walioko nje wananyamaza.

Siku ya kupimwa yunifomu, fundi alinizungushia tepu kiunoni, akamwambia Mama Akinyi kitu kwa Kijaluo, wakacheka. Kijaluo sikijui (sisi ni watu wa Nyeri), lakini nilikuwa na hakika wamesema nimenenepa. Wakati huo kila kicheko nilikifanya changu: mtu akinitazama, ananiona mnene, asiponitazama, anaona haya kwa niaba yangu. Nilikuwa nimeanza kuruka chakula kitambo nikiogopa wataniondoa kwaya, na sasa nikaamua mpaka harambee ipite nitakunywa turungi tu, ile chai haina maziwa.

Basi siku ikafika, jua linawaka, tumepangwa kando ya meza ya vitu vya kunadiwa, nikaanzisha wimbo, ubeti wa kwanza ukaenda vizuri, halafu nikaona giza, nikashika kitambaa cha meza, na keki, ndizi na jogoo wa mzee fulani tukaenda chini pamoja. Nilipofungua macho nilikuwa na krimu mpaka masikioni (mimi niliyekuwa naogopa hata kunusa keki), na umati unacheka, safari hii kweli.

Mama Akinyi hakusimamisha wimbo. Alikuja akaketi kwenye nyasi na yunifomu yake mpya, akaweka kichwa changu mapajani, na kwa mkono uliobaki akaendelea kuongoza kwaya mpaka kile kicheko kikafa chenyewe.

Baadaye, nyuma ya kanisa, aliniuliza nimekula nini. Nikamwambia yote, hata kicheko cha siku ya tepu. Alifikiri kidogo ndio akakumbuka.

“Wanjiru, fundi aliniambia bwana yake ameenda kazini amevaa sweta ya maua ya mkewe. Tulikuwa tunamcheka huyo bwana.” Kisha akaniuliza polepole, “Na nani alikuambia utafukuzwa kwaya?”

“Hakuna mtu.”

Msifikiri nilipona hapo. Alinipeleka kwa daktari anayemwamini, na jioni akitoka zamu alipitia kwangu na sufuria, tukala wote tukiongea nyimbo, hakuhesabu tonge zangu, hakusema neno juu ya mwili wangu. Kuna siku nilishindwa kabisa, akafunika sahani, akaendelea na hadithi yake, na kesho yake akaja tena. Nilingoja achoke. Hakuchoka.

Sasa mimi mwenyewe naitwa Mama, na masikio yangu hayajaacha ile tabia kabisa. Lakini niliapa: watu wakicheka na moyo wangu ushtuke, sitawatungia maneno. Nitaenda niwaulize wanacheka nini.